Pongezi kwa Walinzi wa Mwendo

Wanaonung'unika kwamba polisi hupima mwendo palipo na starehe badala ya palipo na hatari hawana shukrani. Waje Gasenyi, hapa Bujumbura, Burundi, jirani na Ikulu ya Ntare Rushatsi, ile tuliyojengewa na Wachina tukakabidhiwa mwaka 2019. Lami laini, kivuli kipo, na magari ni moja moja kwa sababu mafuta yameadimika. Taksi inayosukumwa na dereva pamoja na abiria wake, bidoni tupu ikigongagonga kwenye buti, lazima imulikwe: wakifika mteremkoni wanaweza kujisahau.

Kule Barabara ya Taifa Namba 1, vijana hushuka kutoka Bugarama kwa baiskeli zilizosheheni mikungu ya ndizi, breki yao soli ya kandambili. Wakipanda, huning'inia nyuma ya malori. Hao waachwe. Baiskeli haina leseni ya kukaguliwa, na ndizi haziingii mfukoni. Tena kule kuna ukungu. Afande atashikwa na mafua.

Mjini kati kazi ilirahisishwa Machi 2022, pikipiki, baiskeli na bajaji zilipopigwa marufuku. Sisi waenda kwa miguu tunaomba kibao tu, tujue mwisho wetu kilomita ngapi kwa saa. Risiti, kama kawaida, hatudai.