Sifa za Mstari wa Mweru

Anayesifiwa hutajiwa kwanza ukoo wake, basi nami nianze hapo. Mstari unaolikata Ziwa Mweru, Zambia huku na Kongo kule, ulizaliwa Brussels tarehe 12 Mei 1894. Wazazi wake ni serikali ya Uingereza na Mfalme Leopold wa Pili, aliyekuwa ameifanya Kongo shamba lake binafsi. Waliagiza uanzie pale mto unapotoka ziwani, karibu na Pweto, uteremke hadi mto Luapula unapoingilia kusini. Ila njiani ujipinde kidogo ili Kisiwa cha Kilwa kiwaangukie Waingereza. (Msomaji wa pwani asishtuke, si Kilwa Kisiwani. Wakongo nao wana mji wao wa Kilwa, ng'ambo.) Mstari mwingine ungeona haya kupindishwa kwa ajili ya kisiwa kimoja. Huu umekaa na kilema chake bila kinyongo. Umelizika dola la Leopold, umelizika Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland lililoishi miaka kumi tu, 1953 hadi 1963, na hauna hata mvi.

Tabia zake ni za kitawa. Mvuvi wa Nchelenge, upande wa Zambia, anaweza kuzeeka ziwani asiuone. Hauna uzio wala rangi, haudai mshahara wala posho ya safari. Lakini kwa uzazi, sijaona mfano wake. Umezaa forodha mbili, idara mbili za uhamiaji, doria mbili za majini na mihuri isiyo na idadi. Umezaa hata walioapa kuuondoa. Mwaka 1981 viongozi walikutana Lusaka wakaanzisha eneo la biashara nafuu. Mwaka 1992 ikaja SADC pale Windhoek. Mwaka 1993, Kampala, mkataba wa COMESA ukatiwa saini, makao yake makuu yakabaki Lusaka. Zambia na Kongo zote zimo SADC na zote zimo COMESA, kwa hiyo mstari wetu unapigwa vita na majeshi mawili kwa wakati mmoja. Kila mkutano ukivunjwa, unakutwa ulipoachwa. Ni wajumbe wangapi wamelala hoteli nzuri na kusomesha watoto kwa sababu yake? Mwajiri gani mwingine mkoani Luapula ana sifa hiyo?

Uvumilivu wake unastahili aya yake. COMESA ilipitisha itifaki ya watu kutembea huru mwaka 2001. SADC ikapitisha ya kwake mwaka 2005. Umoja wa Afrika ukafuata Januari 2018, Addis Ababa, na itifaki inayosubiri nchi 15 ziiridhie ndipo ianze kufanya kazi. Mstari umezisikia zote na haukukatiza msemaji hata mmoja. Kabla ya hapo, Julai 2016, pasipoti ya Afrika ilizinduliwa Kigali kwa shangwe, na nakala za kwanza zikakabidhiwa kwa Rais Kagame na Rais Idriss Déby, yaani watu wawili ambao foleni ya uhamiaji haikuwa miongoni mwa shida zao.

Wapo wasemao mstari huu ni kikwazo kwa biashara. Waende soko la Kashikishi wakaulize. Mfuko wa unga wa mahindi ukiwa Nchelenge ni unga tu. Ukishushwa ng'ambo umepanda cheo na bei. Kitenge kikitoka kule kuja huku nacho hupata heshima ya kigeni. Hakuna kinu, hakuna mashine, hakuna umeme uliotumika. Nani mwingine anaongeza thamani ya mazao kwa kulala tu majini? Ni kweli COMESA imemtengenezea mchuuzi mdogo utaratibu mwepesi: bidhaa zilizomo kwenye orodha, fomu fupi, msamaha wa ushuru. Ni kazi njema, nasema bila kejeli. Ila fomu hiyo inataka mchuuzi apite pale ilipo meza, naye mwenye mtumbwi wa dagaa anajua fukwe nyingi ambazo meza haijafika, na anajua pia kwamba penye meza kuna siku huombwa kiasi kisicho na risiti. Elimu hiyo ya sheria, ya kodi na ya saikolojia ya ofisa kaipata bure, bila kukanyaga chuo kikuu.

Hata samaki wamestaarabika. Zambia hufunga uvuvi tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Wavuvi wa Nchelenge wamelalamika kwa miaka kwamba wakati nyavu zao zinaning'inia, taa za wenzao zinawaka upande wa pili. Basi samaki wa Mweru ana likizo ya miezi mitatu iliyolindwa na sheria, mradi asisahau anaishi wapi. Akivuka mstari, amejikatishia likizo mwenyewe.

Najua nitakumbushwa kwamba kabla ya mstari palikuwa na umoja wa kweli. Mwata Kazembe wa Walunda alitawala kingo zote mbili za Luapula; Walunda, Washila na wengine walimpelekea kodi, na mtu alijulikana ni wa nani kwa kodi aliyotoa. Ni kweli. Lakini Livingstone alipofika kwa Kazembe mwaka 1867 alimkuta mfanyabiashara wa Kiarabu, Muhammad bin Saleh, aliyekwama huko miaka mingi kwa kuwa mfalme hakumpa ruhusa ya kuondoka. Mstari haukuwapo, mpaka ulikuwa mfalme mwenyewe, na ulitembea kila alikotembea. Mstari wa Brussels angalau umetulia mahali pamoja.

Na kuna sifa moja ambayo siwezi kuitania. Mwaka 2017 vita vilipowafukuza watu wa Katanga ya juu na Tanganyika, maelfu walikimbilia upande huu, wakapokewa Kenani, kisha kuanzia Januari 2018 wakapewa viwanja Mantapala, hapa hapa Nchelenge. Mama aliyembeba mtoto mgongoni hakuwa na haja ya umoja wowote wa forodha. Alihitaji mahali ambapo mwenye bunduki angelazimika kusimama. Ule mstari, pamoja na ndugu yake wa nchi kavu anayetoka Pweto kuelekea Ziwa Tanganyika, ulimpa mahali hapo. Wanaotaka kuufuta kesho wanieleze kwanza watamwekea nini badala yake.

Tangu hapo umepandishwa cheo. Tarehe 11 Julai 2022 Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ambayo mkataba wake wa 1999 unalenga shirikisho la kisiasa. Zambia haimo. Mstari uliokuwa wa wilaya sasa ni ukingo wa shirikisho la kesho, na haukujaza hata ombi la kazi. Kongo, ambayo pia ni mwanachama wa jumuiya ya Afrika ya Kati, ina kadi za vyama vinne mfukoni, na mbili kati yake zinafikia ukomo palepale penye maji.

Limebaki suala la uraia. Tangu marekebisho ya katiba ya 2016, Mzambia anaruhusiwa kuwa na uraia wa nchi mbili. Katiba ya Kongo ya 2006 inasema uraia wake ni mmoja na wa pekee. Kwa hiyo mstari huu, unaoishi nchi zote mbili usiku na mchana, ni halali kwa ubavu wake wa mashariki na una kesi kwa ubavu wa magharibi. Kama kabati la Addis Ababa bado lina pasipoti za Afrika zisizo na wenyewe, naomba mstari upewe moja. Sehemu ya picha iachwe wazi.