Steringi Hafi, Ila Rimoti Hupotea

Filamu bora ya kuangalia na familia ni Commando ya mwaka 1985. Najua wapo waliosomea mambo haya watakaonicheka na kunitajia Wafaransa wao wanaovuta sigara dirishani kwa saa mbili. Wacheke. Mimi filamu naipima kwa sebule ya nyumbani kwetu Tanga, enzi za deki na mikanda: Bibi kwenye kochi la katikati, Baba pembeni na gazeti lake, Mama karibu na mlango wa jikoni, Shangazi akija akakaa, na sisi watoto chini mkekani. Picha ikianza hadi ikaisha bila mtu mzima kukohoa, hiyo ni picha.

Commando ilipita kwa alama zote. Arnold Schwarzenegger, humo akiitwa John Matrix, anaua watu kuanzia ndani ya ndege mpaka kwenye bustani ya maua. Mmoja anamshika mguu na kumwachia gengeni. Sebule nzima imetulia, watu wanatafuna mihogo ya kukaanga. Bibi alikuwa na neno moja tu kuhusu yule bwana: "Baba mzuri huyu. Anamtafuta mwanawe." Adui mkuu alipochomwa na bomba la mvuke mwishoni, Bibi aliuliza kama kachumbari imebaki.

Sasa njoo kwenye busu.

Nyuso mbili zikianza kusogeleana kwenye kioo, kila mtu alikuwa na kazi yake, na hakuna aliyewahi kuipanga. Baba aliinua gazeti alilolimaliza tangu asubuhi. Mama alikumbuka sufuria. Shangazi alipaliwa na mate. Mdogo wetu wa mwisho alitumwa dukani kununua kiberiti, na kwa kuwa kila busu lilikuwa na kiberiti chake, nyumba yetu haikuwahi kuishiwa viberiti. Kaka mkubwa ndiye aliyekuwa na jukumu zito kuliko wote, kupeleka mkanda mbele, na hapo ndipo rimoti ilipokuwa haionekani. Mara nyingi Bibi alikuwa ameikalia, na hakuna aliyethubutu kumwomba ainuke wakati ule.

Hata ikipatikana haikusaidia. Waliozaliwa baada ya deki hawajui mateso haya. Ukibonyeza kupeleka mbele huku mkanda unacheza, picha haikuondoka. Ilibaki na mistari yake na kuanza kwenda mbio. Busu la heshima, la watu wawili waliopendana kwa dhati, liligeuka kuwa kuku wawili wanaogombea punje ya mtama. Afadhali ungeliacha likaisha lenyewe. Mwaka 2014 bodi ya filamu ya Kenya ilipoipiga marufuku The Wolf of Wall Street watu walilalamika sana, nami nikawashangaa. Sebule yetu isingefika hata kwenye mkanda. Shauri lingeishia kwenye kava.

Ndiyo maana nyumbani tulikuwa watu wa picha za Kihindi. Bibi aliiona Awaara ya Raj Kapoor sinema, akiwa msichana, na tangu siku hiyo aliwaamini Wahindi kuliko alivyowaamini baadhi ya ndugu zake. Kwao mapenzi yalikuwa na adabu. Kijana anamkimbiza msichana kwenye miti, wanaimba, wanajificha nyuma ya kichaka, maua mawili yanagusana kwa upepo, na mwenye akili ameshaelewa. Wimbo ukiisha, msichana analia kwamba ana mimba. Hakuna aliyekohoa, maana hakuna aliyeona kitu.

Kisha ikaja Raja Hindustani.

Ilitoka mwaka 1996. Aamir Khan ni dereva wa teksi, Karisma Kapoor ni binti wa tajiri aliyekuja kutembea. Mkanda uliingia nyumbani kwetu ukiwa na sifa zote: nyimbo nzuri, wahusika wamevaa vizuri, majirani wamelia. Kaka hakuwa hata amejiandaa, rimoti iko juu ya kabati la vyombo. Mvua inanyesha, binti amelowa, wamesimama chini ya mti, na sisi tunasubiri wimbo uanze kama ilivyo desturi ya nchi ile. Wimbo haukuanza. Wakabusiana, tena busu la karibu dakika nzima, Wahindi wale wale tuliowakabidhi sebule. Baba alitafuta gazeti, kumbe Mama alikuwa amefungia nalo dagaa. Mdogo wetu akanyoosha mkono mwenyewe kuomba hela ya kiberiti. Shangazi alikohoa mpaka akaishiwa pumzi, na katikati ya kikohozi hicho tukamsikia Bibi anauliza, kwa sauti ya mtu aliyesalitiwa na mwanawe wa kumzaa: "Huyu si dereva? Abiria hamfikishi?"

Kwa maoni yangu ile ni filamu ya kawaida yenye nyimbo nzuri kuliko hadithi yake. Lakini nyumbani ilimaliza zama. Kuanzia hapo kila mkanda wa Kihindi ulikaguliwa kwanza na kaka mchana, peke yake, kwa bidii ambayo hakuwahi kuionesha kwenye hesabu.

Titanic ilipita kwa bahati, na bahati yenyewe ni kwamba hatukuiona yote. Ile kazi ya James Cameron ina saa tatu na dakika 14, kwa hiyo ilikuja kwa mikanda miwili. Sisi tuliazimwa wa kwanza. Wa pili ulikuwa kwa jirani fulani ambaye kila tukienda alikuwa safarini, na redio yake inasikika ndani. Kaka akapunguza sehemu ya kuchorana picha kwa kusimama mbele ya runinga na kujifanya anarekebisha antena. Mkanda ukaishia meli ikiwa bado inaelea.

Basi kwa muda mrefu nyumbani kwetu Titanic ilikuwa hadithi ya msichana aliyemkataa mchumba mwenye fedha akiwa safarini. Bibi aliipenda. Alisema wazazi wanaolazimisha binti kuolewa waoneshwe. Mimi nikajitia ujuzi, nikamkumbusha kwamba pale mwanzo kabisa wameonesha mabaki ya meli chini ya bahari.

"Ile ni meli nyingine," akasema Bibi.

Mkanda wa pili ulipofika ndipo mjomba wetu mvuvi alipohamia kwenye mkeka. Bibi alimlilia Jack, mpenzi wa yule msichana. Mjomba hakulia, alikasirika. Yule kijana alijaribu kupanda kile kipande cha mlango mara moja tu, kikayumba, akaacha! Mjomba alieleza kwa mikono jinsi watu wawili wanavyopanda kitu kinachoelea, mmoja huku na mwingine kule, kwa zamu ya pumzi. Tulimwambia maji yale yalikuwa chini ya nyuzi sifuri, barafu tupu. Akasema baridi haimkatazi mtu kuzunguka upande wa pili. Miaka mingi baadaye, mwaka 2023, Cameron mwenyewe aliwaweka watu kwenye maji baridi, kwa kipindi cha National Geographic, kulipima jambo hilo hilo, ikaonekana kwamba wangepanga mambo vizuri huenda Jack angeishi. Gharama zote zile, na mjomba alishamaliza kesi akiwa na kikombe cha kahawa.

Kibanda umiza, kule kwa kuangalia mikanda kwa kiingilio, nako kulikuwa na mahakama yake. Sheria ilikuwa moja: steringi hafi. Shujaa wa picha anaweza kupigwa risasi, akatupwa mtoni, akazikwa. Wewe kaa kwenye benchi lako usubiri. Kwa hiyo kifo cha Jack kilileta mtafaruku mkubwa zaidi kule kuliko nyumbani. Wapo waliodai hela yao. Mwishowe jamaa mmoja wa benchi la nyuma akatoa hukumu iliyoniridhisha mpaka leo: kama amekufa, basi hakuwa steringi. Steringi ni yule mwanamke. Nimesoma uchambuzi mwingi wa filamu ile ulioandikwa na watu wenye shahada, na wengi wao wamehitaji kurasa nyingi kufika hapo.

Na kulikuwa na wale wasimuliaji wa mikanda, Lufufu akiwa gwiji wao kwa upande wetu, kama DJ Afro alivyokuja kuwa kwa Wakenya. Msomi atakwambia hawakuwa waaminifu kwa maneno ya wahusika. Kweli kabisa. Mzungu anasema maneno matatu, msimuliaji anaeleza ukoo wake, deni lake na tabia ya mkewe. Lakini nikiangalia picha hizo leo kwa sauti zake za asili naona kama zimekatwa. Adui anaingia mlangoni na hakuna mtu wa kumtukana!

Kuhusu Bongo Movie nitasema machache, maana nina ndugu wanaonisoma. Marehemu Steven Kanumba alikuwa na kipaji, na alipofariki Aprili 2012 nchi nzima ililia kwa haki. Lakini jamani, yale magari! Gari linakuja. Linapiga honi. Mlinzi anafungua geti. Gari linaingia, linaegeshwa, mwenye gari anashuka, anafunga mlango, anakumbuka simu, anafungua tena. Mlinzi anafunga geti. Ukienda kuoga na kurudi utamkuta ndiyo kwanza anakanyaga ngazi. Anafika sebuleni, anafungua mlango wa chumba, anashtuka kwa alichokiona, na papo hapo maandishi yanakwambia ukanunue sehemu ya pili. Mama aliwahi kusema kwamba wangepunguza geti wangeweza kutoshea sehemu zote mbili, akiba ikabaki.

Siku hizi sebule ni ya Mama, na anayemtesa si busu tena, kwa sababu hata yeye amezoea. Hukohoa kidogo tu kwa heshima ya marehemu Bibi. Anayemtesa ni binamu yangu. Kila ukoo unaye: mtu aliyeshaiona. Hajawahi kukaa mbele ya picha bila kutangulia mbele yake. "Huyo msimwamini." "Subirini, sasa hivi anapigwa." Watu humchukia, ila mimi humtetea. Picha inayoharibika kwa kujua mwisho wake ilikuwa mbovu tangu awali. Bibi aliijua Awaara kwa moyo na alilia palepale kila mara.

Utetezi wangu ulivunjika kwa Sultan, ile tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili ikaoneshwa Azam. Mama alikuwa mtu wa Mustafa, mtoto wa Sultani Suleiman. Alimwombea. Alimchukia Hürrem, mke wa Sultani, kama mtu anayemdai. Jioni moja binamu, mdomo umejaa kitumbua, akasema Mustafa atanyongwa kwa amri ya baba yake mwenyewe. Kelele zilizofuata zilimtoa jirani nje. Binamu akajitetea kwamba hakuiba siri ya mtu: Mustafa aliuawa mwaka 1553, imo vitabuni, muda wa kuficha umepita.

Mama alimfukuza sebuleni, na mpaka tamthilia inaisha chai yake aliinywea barazani. Kipindi chenyewe kilipofika, akanyongwa kweli. Mama alizima runinga, akajifunga kanga vizuri, akatoka mpaka pale barazani.

"Umefurahi sasa?" akamwuliza. "Mtoto wa watu umemsema mpaka wamemwua."