Mshauri Wenu: Mume Kang'ang'ania Maporomoko ya Mbali

Mshauri, mume wangu ameapa kwamba likizo hii lazima tukaone maporomoko ya maji milimani na wanyama wa porini. Anataka tutoke Muhuru Bay usiku wa manane, tupitie Migori, Kisii, Kericho na Nakuru hadi Thomson's Falls kule Nyahururu, kisha tuingie Aberdare. Gari ni Probox ya kukodi. Abiria ni sisi wawili, watoto wanne na mama mkwe, ambaye hasafiri bila kuku wa zawadi. Nikipinga naambiwa napenda kukaa kama jiwe. Nifanyeje? – Mama Wanne

Mama Wanne, tuanze kwa kumpa mzee haki yake. Pale Nyahururu maji yanaanguka mita 74, na Karuru, ndani ya Aberdare, yanaporomoka mita 273. Mwenye kutamani hayo hana ubaya wowote. Kinachomponza ni hesabu. Toka Muhuru hadi Nyahururu ni zaidi ya kilomita 350 za kwenda tu, na watu saba ndani ya Probox hawasafiri, wanavumiliana. Mtoto wa kwanza atatapika kabla ya Kericho, wa pili atamwiga, na kuku atakuwa na maoni yake. Mkifika, mtapiga picha kwa haraka huku dereva akitazama saa. Aberdare nayo ni msitu mzito na mianzi, mara nyingi na ukungu juu yake. Tembo anaweza kusimama hatua chache kutoka barabarani msimwone hata mkia. Na njia zake zataka gari la magurudumu manne yenye nguvu, sifa ambayo Probox, pamoja na ushujaa wake wote, haijapewa. Safari ya familia ipimeni kwa saa mtakazokuwa nje ya gari. Kwa kipimo hicho, mzee anataka kuwalipisha nauli ya siku mbili mpate mchana mmoja.

Sasa tazameni mlichonacho karibu. Maporomoko ya Gogo yako hapo hapo Migori, kwenye mto Kuja, ambao maji yake yanatoka milima ya Kisii. Tangu miaka ya 1950 maji hayo yanazungusha mitambo ya umeme ya megawati 2, iliyojengwa kwa ajili ya mgodi wa Macalder. Mama mkwe anaujua mto huo kwa mafuriko yake huko chini Nyatike. Si vibaya auone mahali unapofanya kazi ya maana. Wanaakiolojia waliochimba Gogo walikuta mifupa ya samaki, ya mifugo na ya wanyama wengi wa porini, mabaki ya mlo wa watu wa kale. Kwa hiyo wanyama walikuwepo pale pale mnapodai hakuna kitu. Tatizo ni kwamba waliliwa. Katika eneo hilo hilo la Nyatike kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizopangwa bila saruji wala udongo wa kushikanisha, zikafika hadi mita 4 kwenda juu, na mwaka 2018 UNESCO ikaziingiza katika Urithi wa Dunia. Waambieni watoto wachungulie mlango: ni mfupi hivi kwamba adui alilazimika kuinama ndipo aingie, kichwa mbele. Hilo watalikumbuka kuliko msongamano wa magari Nakuru.

Kisha wanyama. Vuka uingie Homa Bay, katika bonde la Lambwe, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruma, kilomita za mraba 120 za mbuga ya nyasi. Humo mna twiga, nyati, kongoni, tohe, na vifaru waliorudishwa kuanzia mwaka 2011. Mzee atasema, “Hakuna tembo.” Kweli, hakuna. Lakini kuna korongo, na simsemi ndege: ni swala mkubwa, shingo nene, pembe zimepinda kwenda nyuma, uso mweusi wenye mabaka meupe kama aliyejipaka kwa ngoma. Kenya nzima amebaki Ruma peke yake, na sensa ya mwaka 2021 ilihesabu 15 tu. Tembo atawasubiri watoto wenu wakue. Huyu sina hakika.

Mtaniambia Ruma ina mbung'o. Inao, na kuuma wanauma. Ila fikirini: mbung'o na malale ndio waliowafukuza watu na ng'ombe kutoka bonde hilo, na ndiyo sababu hadi leo lina wanyama wa kutazamwa. Mwezi Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma nchini Kenya, kwa hiyo kilichobaki zaidi ni maumivu ya kuumwa. Msivae nguo za buluu wala nyeusi. Hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mtaniambia pia kwamba udongo mweusi wa Lambwe ukilowa unanasa gari. Hapo sibishi. Kukinyesha, waulizeni askari wa wanyamapori langoni kabla hamjaingia. Kukwama kupo kote, lakini ukikwama Lambwe kuna shemeji wa kumpigia simu. Na atakayesema viboko tunawaona bure ufuoni, huyo hajawahi kulala macho akilinda mahindi yake dhidi yao. Ukiwa ndani ya gari, mchana, na shamba si lako, mnyama huwa na sura nyingine.

Mshauri, nimesikia mke wangu amekuandikia. Jirani yangu alikwenda Nyahururu na picha ameitundika sebuleni. Mimi nitundike nini, Gogo? – Baba Wanne

Shemeji, hapo ndipo ulipopaswa kuanzia. Picha ya Thomson's Falls inauzwa hata kwenye kalenda. Tundika korongo. Jirani akikuuliza ni nani huyo, mjibu kwamba hata Maasai Mara, pamoja na wageni wake wote, leo haina hata mmoja. Kiingilio cha Ruma unalipia kwenye eCitizen, basi fanya hivyo mapema ukiwa bado na mtandao. Na mama akae mbele. Kuku abaki nyumbani.