Toa Kisu Kabatini

Ikiwa una visu 20 vya kukunja, vyote vimelala kwenye maboksi yake, na chungwa bado unamenya kwa kisu cha kuazima, mwongozo huu unakuhusu. Lete funguo za kabati tuanze.

Chukua Opinel moja, namba 8. Bapa lake lina sentimita 8.5, linatosha mkate na halitoboi mfuko. Joseph Opinel alianza kuviunda visu hivi mwaka 1890 huko Savoie, kwenye milima ya Alps upande wa Ufaransa, vya kutumiwa na wakulima. Kufikia 1897 alikuwa na saizi 12. Namba 1, ambayo bapa lake ni la sentimita 2 hivi, na namba 11 ziliachwa kutengenezwa miaka ya 1930, na hadi leo kuna watu wazima wanaozikimbilia huku na huko. Waache wakimbie. Wewe kata mkate.

Chagua chuma cha kaboni. Muuzaji atakusukumia kile kisichoshika kutu, nawe mkatalie kwa adabu. Cha kaboni kinahitaji kutunzwa, lakini kinanoleka upesi na hakifichi kazi kiliyoifanya. Kata limau nacho, kisha litazame bapa kwenye mwanga: makali yanaanza kuingia ubuluu, rangi inapanda kuelekea mgongoni na kugeuka kijivu, madoa yanapishana kama mawingu. Kesho kutwa kata kitunguu, ramani inabadilika. Rangi hiyo inalisaidia bapa kupambana na kutu, kwa hiyo anayekaa jioni nzima akilisugua ili ling'ae kama la dukani anapoteza jioni na kinga kwa pamoja. Kinachotakiwa kuondolewa ni kutu nyekundu, na hiyo usiilaze. Futa kisu kila ukimaliza, kipake mafuta kidogo, basi.

Mpini ni wa mbao, na mbao ikilowa huvimba. Bapa litagoma kutoka, na hapo ndipo wenye pupa huenda kutafuta koleo. Rudisha koleo. Fanya wanavyofanya Savoie: shika kisu kikiwa kimekunjwa, gonga kitako cha mpini kwenye ukingo wa meza, ncha itachomoza kiasi cha kuikamata kwa vidole. Lakini usikiloweke tena kwenye beseni.

Mwaka 1955 Marcel, mwana wa Joseph, alibuni pete ya chuma inayozunguka shingoni mwa mpini na kulizuia bapa lisikufungie vidole. Izungushe kila unapofungua. Huyo unayemwona na plasta kidoleni, akilaani visu vya kukunja mbele ya wageni, muulize kwanza kuhusu pete.

Noa mara kwa mara, kidogo kidogo, kwenye kinoo kilicholowa. Usijaribu makali kwa dole gumba ili uonekane fundi. Jaribu kwa nyanya iliyoiva: ngozi ipasuke bila kuminywa.

Ukifika kwenye Laguiole, vile vyenye mdudu mgongoni anayeitwa nyuki, uliza kilitengenezwa wapi kabla hujatoa pesa. Jina la kijiji hicho cha Aveyron limepigwa kwenye visu vya nchi nyingi, na nyuki mtu yeyote anaweza kumchonga. Vilivyotoka Thiers, mji wa mafundi visu kwa karne nyingi, visikutie shaka kwa sababu tu havikufuliwa kijijini.

Kuhusu kutembea nacho, jua sheria ya mahali ulipo. Uingereza, kwa mfano, bila sababu ya msingi unaruhusiwa kisu cha kukunja kisicho na kifungio, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Opinel yenye pete haimo. Kwenye ndege kiweke ndani ya sanduku linalokwenda kwenye buti, usije ukamwachia askari wa ukaguzi mzigo wa maelezo ya Savoie.

Na ukisikia mkono unawasha kununua kingine, nunua namba 7 yenye ncha ya mviringo, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto. Mkalishe mtoto mezani, mpe tango, mfundishe pete kwanza, kisha muache akate vipande vikubwa vidogo anavyotaka.