Fumba Macho, Ushike Usukani

Sauti ilimwambia afumbe macho. Ilisema kwa upole, kama nesi aliyeficha sindano nyuma ya mgongo, na mwandishi wa makala haya angetii papo hapo kama si lori la taka lililokuwa mbele yake, kwenye barabara kuu namba 495 inayolizunguka jiji la Washington, naye yuko kilomita 90 kwa saa. Alifumba jicho moja. Jioni ile ile alikiri kosa hilo kwa mkewe, na hadi leo anajuta kwa nini hakunyamaza.

Mambo yalianza hivi. Mwandishi anaishi Silver Spring, Maryland, na kazi yake iko Tysons, ng'ambo ya mto Potomac, upande wa Virginia. Ni mwendo wa kilomita 25 hivi. Wenyeji huiita barabara hiyo Beltway, yaani ya mkanda, na kila mwenye kiuno anajua mkanda ukiamua kubana unavyobana. Ilikamilika mwaka 1964, urefu wake ni kilomita 103, na asubuhi ya Jumanne unaweza kuapa kwamba magari ya kilomita zote 103 yameegeshwa mbele yako.

Kwa miaka mingi alikuwa akisikiliza habari. Kisha daktari akampima presha, akaitazama mashine, akapima tena, akamuuliza kama anakula chumvi nyingi. Akajibu kwamba chumvi anakula kiasi, ila kila asubuhi anakula saa nzima ya taarifa za habari. Mwenzake wa ofisini ndiye aliyempa dawa: hotuba za walimu wa Kibuddha. Mwandishi ni Mwislamu wa Muheza na hakuwa na nia ya kuhamia popote. Hakubadili dini, alibadili stesheni.

Alidhani atakuta kisima, akakuta bahari. Kuna hazina iitwayo Dharma Seed, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kunakili kaseti za hotuba za Insight Meditation Society, kituo cha mji mdogo wa Barre, Massachusetts, ambacho Joseph Goldstein, Jack Kornfield na Sharon Salzberg walikianzisha mwaka 1975 baada ya kwenda kujifunza Asia. Leo hotuba zake ni maelfu kwa maelfu, na kuzisikiliza ni bure. Neno kaseti lilimgusa. Amekulia kwenye pikapu ya mjomba wake, mawaidha yakinguruma kutoka Muheza hadi Korogwe. Utepe ukinasa, mjomba anasimama kando, anatoa kalamu ya Bic na kuuzungusha taratibu, huku abiria wa nyuma wakingoja na kuku wao. Buddha mwenyewe hakuacha maandishi. Mafundisho yake yalikaa vichwani mwa watawa, kizazi hadi kizazi, hadi yalipoandikwa huko Sri Lanka katika karne ya kwanza kabla ya Kristo. Kusikiliza, basi, ndiyo desturi yenyewe. Vitabu vilikuja na basi la pili.

Balaa lilikuwa kwenye kuchagua.

Hakujua kwamba hotuba ni kitu kimoja na tafakuri ya kuongozwa ni kitu kingine. Hotuba ina visa, mifano na kikohozi cha wasikilizaji. Tafakuri ina maelekezo matatu, kisha kimya. Kimya cha kwanza kilimkuta akirudi nyumbani. Mwalimu alisema tutulie, akatulia kweli. Dakika ikapita, ya pili ikapita. Mwandishi akaamini simu imekufa. Akaibonyeza, akaitikisa, akaigeuza. Alipoinua macho, njia ya kutokea namba 31, ya kwake, ilikuwa nyuma inampungia mkono, na hapo hapo mwalimu akarudi hewani kumpongeza kwa kukaa na yaliyopo.

Kisha ikaja kengele. Siku tatu mfululizo gari lilitoa mlio mmoja mtamu, mrefu, ambao haumo katika kitabu cha maelekezo. Alikagua mikanda, milango, mafuta, upepo wa matairi. Mwisho akalipeleka kwa fundi mmoja Mhabeshi pale Wheaton. Fundi aliwasha injini, akainamisha kichwa juu ya boneti, akasikiliza. Akalala chini, akasikiliza. Akakaa kwenye kiti cha dereva na kufunga mlango, nayo simu ya mwandishi, ambayo hakuna aliyeizima, ikaendelea na shughuli zake chini kabisa kwa sauti ndogo. Baada ya dakika 20, kengele ikalia. Fundi akatoka taratibu, akamtazama kama mtu anayetafuta maneno ya kumwambia mfiwa.

"Kaka, gari lako ni zima. Kinacholia ni simu."

Alitoza ada ya uchunguzi. Mwandishi hakubisha, maana huyo ndiye mtu pekee aliyeisikiliza tafakuri ile ipasavyo, tena akiwa amekaa kimya.

Tangu hapo akajifunza kusoma maelezo kabla ya kubonyeza, na mambo yakaanza kunoga. Alikutana na kisa cha mfalme Milinda, yule Menander wa Kiyunani aliyetawala kaskazini-magharibi ya Bara Hindi katika karne ya pili kabla ya Kristo, aliyekuja kwa mtawa Nagasena akiwa amepanda gari la farasi. Nagasena akamuuliza: gari ni lipi hasa? Ni magurudumu? Ni ekseli? Ni nira? Mfalme akakana kimoja kimoja, akabaki hana gari. Wanafalsafa wameliandikia suala hilo vitabu vingi. Mwandishi alicheka peke yake kwenye daraja la Potomac, kwa sababu pikapu ya mjomba ilikuwa na injini ya gari jingine, milango ya gari la tatu na bodi iliyochongwa na seremala, na hakuna fundi wa Muheza aliyewahi kukosa usingizi kwa kujiuliza kama ni pikapu ile ile.

Mwalimu aliyemtia mashakani zaidi ni Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam aliyeanzisha makazi ya Plum Village kule Ufaransa mwaka 1982 na kufariki Huế mwaka 2022. Huyu aliwafikiria madereva. Aliandika hata beti fupi za kusema kabla ya kuwasha gari. Alifundisha kwamba taa nyekundu si adui. Ni rafiki anayekukumbusha kuvuta pumzi na kutabasamu. Mwandishi akaijaribu kwenye makutano ya Georgia Avenue. Taa ikawa nyekundu, akaegemea kiti, akatabasamu, akavuta pumzi. Pumzi ya nne ilikuwa tamu kuliko zote. Taa ikawa kijani, ikawa njano, ikarudi nyekundu, yeye yumo tu ndani ya pumzi, na nyuma yake honi zinalia kama za harusi. Mama mmoja alimpita kwa upande, akashusha kioo na kumweleza mambo ambayo hayamo katika hotuba yoyote ile.

Tuseme haki: kosa halikuwa la mtawa. Hakusema popote kwamba taa ikibadilika uendelee kukaa.

Wala si mtawa aliyemshauri asikilize hotuba ya subira kwa kasi ya moja na nusu. Hilo alilibuni mwenyewe, apate kuimaliza kabla ya kufika ofisini. Kwa kasi hiyo mwalimu mpole aligeuka mnadi wa mitumba. Sehemu ya kutoharakisha ilipita mbio kiasi kwamba ilibidi airudishe nyuma mara mbili.

Adui mkubwa, hata hivyo, ni usingizi. Wengi wa walimu hawa wana sauti ya kumbembelezea mtoto, na mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri ni mtoto. Katika kutafuta dawa aligundua kwamba tatizo lenyewe ni la kale. Moggallana, mmoja wa wanafunzi wawili wakuu wa Buddha, alikuwa akisinzia katika tafakuri, na mwalimu wake akamwagiza tiba kwa utaratibu: badili unachokiwaza, rudia mafundisho uliyoyasikia, vuta ndewe za masikio yote mawili na kujisugua mikono na miguu, nawa macho kwa maji, tazama pande zote, tazama nyota, tembea huku na huku. Na kama yote yameshindikana, lala kwa ubavu wa kulia.

Mwandishi alizifuata moja baada ya nyingine kwenye foleni ya jioni. Katika taa za Wheaton alikuwa amefika kwenye masikio. Aliyavuta yote mawili, kwa bidii. Akajimwagia maji ya chupa usoni, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akainua shingo kupitia kioo cha mbele kutafuta nyota, ingawa ilikuwa saa kumi na nusu na jua linawaka. Kwenye gari la jirani, mtoto wa miaka mitano hivi alikuwa amekwisha kuvuta masikio yake naye, na mama yake alikuwa anapandisha kioo. Tiba ya mwisho aliitumia kwenye maegesho ya duka la vyakula, kiti kimelazwa, ubavu wa kulia. Ilifanya kazi vizuri mno. Alifika nyumbani saa mbili usiku.

Aliyemwokoa ni Ajahn Brahm. Huyu alizaliwa London mwaka 1951, akasoma fizikia ya nadharia Cambridge, akaenda Thailand kuwa mtawa chini ya Ajahn Chah, na sasa ni mkuu wa monasteri ya Bodhinyana huko Serpentine, Australia Magharibi. Kwa miaka mingi ametoa hotuba za Ijumaa usiku mjini Perth, nazo zimerekodiwa. Hakuna kusinzia hapo: anatoa kichekesho, anakicheka mwenyewe kabla hajakimaliza, kisha anakitoa tena wiki nyingine. Kisa chake maarufu ni cha ukuta. Monasteri ikiwa changa na haina fedha, alijifunza kuaka, akajenga ukuta wake wa kwanza, akarudi nyuma kuutazama na kukuta matofali mawili yamepinda. Alitamani kuubomoa. Akawa anawazungusha wageni wasiuone, hadi mgeni mmoja alipousifu. Mtawa akamuuliza kama amesahau miwani. Mgeni akajibu kwamba mawili anayaona, ila anayaona pia mengine 998 yaliyonyooka.

Wiki hiyo hiyo mwandishi alikwaruza bampa la gari la mkewe kwenye nguzo. Alingoja chakula kiishe, akakisimulia kisa cha matofali kwa utulivu, hatua kwa hatua, akatua kwenye bampa.

"Vizuri," mkewe akasema. "Kampelekee fundi rangi, umlipe kwa yale 998."

Mama mkwe alipowasili kutoka Tanga kuwatembelea, alikalishwa kiti cha mbele. Siku hiyo alikuwa akizungumza Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyepata utawa California mwaka 2002, akaishi miaka kadhaa kwenye monasteri ya Bhavana huko West Virginia, na mwaka 2005 akaanzisha kituo cha Wabuddha nchini kwao. Bibi hajui Kiingereza, ila masikio anayo.

"Mkwe, huyu si Mzungu."

"Si Mzungu, mama. Mganda."

"Basi mbona anyamaza katikati ya maneno? Anaumwa?"

"Anatulia, mama. Anatufundisha kuwatakia watu heri. Kwanza wewe mwenyewe, kisha umpendaye, kisha usiyemjua, kisha anayekuudhi."

Wakati huo huo gari moja kubwa jeusi likawakata mbele bila taa wala salamu, mwandishi akakanyaga breki, mikoba ya bibi ikamwagika. Mwandishi alifungua mdomo. Bibi akamwekea mkono begani.

"Si umesema tumtakie heri? Haya. Mwenyezi Mungu amfikishe salama. Na akifika, amkute mkewe keshafunga mlango."

Alikaa miezi miwili, na safari baada ya safari akawa na wapenzi wake. Walimu wa kimya aliwakataa. Wa matofali alimtaka kila siku, akitafsiriwa, na kila siku aliuliza kama ukuta ule bado umesimama.

Amekwisha kurudi Tanga. Jioni, mwandishi akifika na kuzima injini, hukaa garini maegeshoni na kumrekodia kwa Kiswahili hotuba aliyoisikia njiani, kisha humtumia kama ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Zimekuwa nyingi, bibi huwasikilizisha na majirani. Wiki iliyopita mwandishi alimpigia kuuliza kama zinasikika vizuri.

"Zasikika, mkwe. Ila nimeonyeshwa pale pa kubonyeza uende mbio. Nawe siku hizi ukianza kuvuta pumzi, humalizi."