Mheshimiwa Mkurugenzi, Bomba Tumelifunga

Kwa Mkurugenzi wa Mamlaka ya Maji ya mji wetu,



Kipeperushi chako cha kuhifadhi maji majumbani kimetufikia, na familia ile inayotabasamu kando ya sinki imetupendeza sana. Agizo la kwanza, kufunga bomba wakati wa kupiga mswaki, tumelitekeleza bila ubishi. Tena ulituwahi: umetufungia mwenyewe tangu Jumanne.

Agizo la pili linataka tusizidishe dakika tano kwenye bomba la mvua. Tunalo. Mwenye nyumba alilitundika enzi za matumaini, nasi tunaanikia taulo. Mtu mzima hapa huoga nusu ndoo. Na wazee wetu wa pwani wana kipimo kikali zaidi: udhu kibaba kimoja, josho pishi moja. Mtaalamu wako akipata pa kupunguza hapo, atuambie.

Kwa kuwa kipeperushi hakikuitaja, ngoja nikueleze safari ya ndoo moja. Maji yaliyooshea mchele hayamwagwi, yanasubiri masufuria. Yaliyosuuza nguo nyeupe yanafulia za rangi, halafu yanapiga deki ukumbini, kisha barazani. Yakishafanana na chai ya maziwa, yanaingia chooni, na huko ndiko kustaafu kwake. Mpangaji akiyamwaga uani kabla hayajafika umri huo, nyumba nzima inamkatia salamu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku. Sisi tuko sita, na siku za mgao tunapita na madumu matano ya lita 20. Piga hesabu mwenyewe, kisha useme nani amwandikie mwenzake kipeperushi.

Madumu yenyewe tunayanunua kwa kijana wa mkokoteni. Uniti yako moja ni lita 1,000, yaani madumu 50. Kwa bei ya mkokoteni, uniti hiyo inatugharimu mara kadhaa ya ile iliyo kwenye ankara yako. Hakuna semina ya ubanaji inayoishinda bei hiyo.

Ila kuna mteja mmoja ambaye kipeperushi hakijamfikia. Ni bomba lako kubwa pale njiapanda, lililopasuka kabla ya Ramadhani. Linatiririka usiku na mchana, bata wamehamia, na jirani mmoja amepanda mchicha ambao, nakiri, ni mtamu. Tulipiga simu kutoa taarifa. Dada wa huduma kwa wateja, kwa upole kabisa, akatuomba namba ya mita. Tukamwambia bomba lililopasuka halina mita. Akasema bila namba, mfumo haukubali. Baadaye alikuja fundi, akalifunga kwa mpira wa baiskeli, akapiga picha, akaondoka. Mpira nao ukaondoka kesho yake.

EWURA, mdhibiti wako, inasema upotevu wa maji unaokubalika ni asilimia 20. Ripoti zake zenyewe zinaonyesha kuwa mamlaka za maji nchini, kwa ujumla, hupoteza zaidi ya asilimia 30 ya maji: yanavuja, yanaibwa, au mita hazisomi sawasawa. Yaani katika kila madumu kumi, zaidi ya matatu hayalipiwi na mtu. Nasi tunasakwa kwa kikombe cha kusukutulia!

Hewa nayo inastahili kipeperushi chake. Mgao ukiisha, bomba huanza kwa kukohoa na kupuliza, na mita inazunguka kwa furaha ambayo haiionyeshi maji yakija. Tufundishe basi kuhifadhi hewa, maana hiyo tunailipia.

Kwa hiyo tunakuletea ombi. Akina mama wa nyumba hii wako tayari kuja ofisini kwako kuendesha mafunzo ya siku moja kwa wakuu wa idara. Posho hawataki. Wataomba tu ndoo moja, mabeseni mawili, na funguo za gari la mafundi, ili wakitoka hapo wapitie njiapanda.

Wako mtiifu,
Mteja, mita inayosoma upepo

Nakala: Mwenye mchicha, ili avune mapema