Barua ya Wazi kwa TCRA: Tuachieni Bando Tutulie

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

YAH: OMBI LA KUTOZIMIWA INTANETI KWA MASLAHI YA UTULIVU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mkazi wa Kimwani, wilayani Muleba. Naandika kuwapongeza, kisha kuwatahadharisha kwa nia njema.

Mmetuheshimu kuliko tunavyostahili. Mwaka 2018 mwenye blogu alitakiwa kukata leseni, na gharama zote zikafika takribani shilingi milioni 2.1. Oktoba 2023 mkawatangazia watumiaji wa VPN waje wajiandikishe, yaani anayejificha ajitokeze aseme kajificha wapi. Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa, na Bunge likaelezwa kwamba tatizo ni picha za ngono. Sisi huku tulidhani mle watu wanabishana siasa! Septemba ikawa zamu ya jukwaa la JamiiForums, siku 90. Oktoba 29, siku ya kupiga kura, intaneti ikazimwa nchi nzima, ikaanza kurejea Novemba 3. Yaliyowapata watu siku zile sitayatania. Wenye misiba bado wanayo.

Naelewa kinachowatia hofu. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipotumbukia ziwani pale Bukoba na kuua watu 19, nchi nzima iliwaona kwenye simu wavuvi wakiokoa watu, ikauliza vikosi vya uokoaji viko wapi. Swali lile lisingefika mbali bila video. Lakini msidhani kila siku tuko hivyo.

Njooni muone grupu la WhatsApp la kijiji chetu. Mtu akiuliza mapato na matumizi ya robo hii yako wapi, jibu la kwanza ni viganja viwili vya kuomba. La pili ni tangazo la senene wa kukaanga, mzigo umeingia leo. La tatu ni sala ndefu ambayo usipoituma kwa watu kumi utakosa baraka. Tiki za kiongozi mhusika zinageuka bluu, kimya. Saa nne usiku muulizaji anamtolea maneno makali, anavuna vikatuni vya kucheka machozi, analala akijua ametimiza wajibu wake wa kiraia. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa uitishwe kila baada ya miezi mitatu, haendi. Ataenda kufanya nini, na ameshasema?

Huyo ndiye mnayemwogopa.

Sasa oneni mlichotufanyia. Mlipozima intaneti na bando zikageuka mapambo, vijana walihamia kwenye benchi la dukani, wakatafuna kahawa na kubishana Simba na Yanga mpaka hamu ikaisha. Ndipo mmoja akataja mchango wa bomba la maji. Mwingine akasema risiti yake anayo nyumbani, akabishiwa, akaenda kuileta. Na wengine wakazifuata za kwao. Risiti zikapangwa pale kwenye benchi, zimekandamizwa kwa vijiwe zisipeperuke, kila moja na sahihi ileile. Kiongozi mhusika akapita na pikipiki, akasimama kusalimia. Shikamoo zilipoisha akaulizwa. Safari hii hakuwa na namna ya kusoma akanyamaza. Akasema daftari liko kwa mwingine, wakamwambia watasubiri. Mwisho akaahidi litasomwa mkutanoni, na mkutanoni watu wakaja, hata wale ambao mwenyekiti huwaona kwenye picha ya wasifu tu.

Bahati nzuri kwenu, mtandao ulirudi kabla daftari halijamalizwa kusomwa. Mtu akapiga picha ukurasa wa pili, akaurusha kwenye grupu, ukapata madole gumba mengi sana. Benchi likabaki na muuza duka.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mturudishie X, mshushe bei ya bando, na ikiwezekana usiku lipatikane bure kabisa. Mtu mwenye GB za kutosha ataipindua dunia akiwa kitandani, na asubuhi atachelewa hata shambani.

Ila kama mmeshapanga kuzima tena, nitashukuru kuijua tarehe mapema. Mkutano wa robo ijayo bado haujapangiwa siku.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Kimwani, Muleba.